Mwalimu na Kipepeo wa Mndimu

Kila mtoto anawajua vipepeo. Ukipita njiani baada ya mvua, unawaona wamekusanyika penye matope, weupe, wa manjano na weusi, wanakunywa maji. Ukikanyaga karibu nao, wote huruka mara moja kama majivu yaliyopulizwa. Lakini ni nani aliyekwisha kumtazama kipepeo uso kwa uso? Nani amehesabu miguu yake? Kipepeo hangoji. Basi mwalimu mmoja alitaka kumshika kwa picha, apate kumwonyesha darasani akiwa ametulia. Habari yake ndiyo hii.

Mwalimu huyo alikuwa bado kijana, ametoka chuo cha walimu mwaka uliotangulia. Alifundisha darasa la nne katika misioni moja karibu na Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Ilikuwa katika miaka ya 1950. Siku moja, saa ya somo la viumbe, alichuma jani la mndimu mbele ya nyumba ya Mapadri, akaliweka mezani. Juu ya jani palikuwa na kitu kidogo cheusi chenye doa jeupe, kinang'aa kama kimelowa.

— Hiki ni nini?

Darasa zima likajibu kwa sauti moja:

— Mavi ya ndege, Mwalimu!

Mwalimu akakigusa kwa kijiti. Kile kitu kikainua kichwa. Nyuma ya kichwa zikatoka pembe mbili laini, za rangi ya chungwa, na harufu kali ikaenea. Watoto wa benchi la mbele wakarudi nyuma, wakishika pua.

— Ni kiwavi, akasema mwalimu. Na kiwavi huyu ndiye atakayekuwa yule kipepeo mkubwa, mweusi na manjano, mnayemwona kila siku kwenye maua ya Masista.

Watoto wakacheka. Hawakuthubutu kusema kwamba mwalimu anawadanganya, lakini kucheka kwao kulisema. Kisha mtoto mmoja mdogo wa benchi la mwisho akainua mkono.

— Mwalimu, wewe umeona kwa macho yako?

Mwalimu akanyamaza kidogo. Alikuwa ameyasoma hayo kitabuni. Kuona, hakuona.

— Sijaona, akajibu. Lakini nitawaonyesha, na picha mtaipata hapa ukutani.

Jioni ile alikwenda kwa Padri mkuu wa shule. Padri alikuwa na mashine ya picha, ile ambayo wengine huiita apareyi. Ilikuwa ya kukunjwa: ukiifungua, mbele inatoka pua ya ngozi yenye mikunjo, kama mivukuto ya mhunzi. Padri akamsikiliza mwalimu mpaka mwisho, akafungua kabati, akatoa filimu tatu.

— Kila moja ina picha 12, akasema. Zikiisha hizi, nyingine zitakuja na meli, na meli yetu haina haraka.

Mashine ya picha ni sanduku la giza. Mbele ina kioo cha duara, jina lake lenzi, kinachokusanya mwanga. Karibu na lenzi kuna tundu linaloweza kupanuliwa au kupunguzwa, kama mboni ya jicho la paka, ambayo ni nyembamba mchana na pana usiku. Kuna na kilango kinachofunguka na kufungwa upesi, kwa muda wa sehemu ya 50 au ya 100 ya sekunde. Mwanga unaopita huangukia filimu, na filimu hubadilika pale ulipoigusa. Lakini badiliko hilo halionekani mpaka filimu ioshwe gizani kwa dawa. Mtu anayepiga picha leo kwa simu huona kosa lake papo hapo, akalisahihisha. Mwenye filimu alipewa makosa yake yote kumi na mawili siku moja.

Filimu ya kwanza mwalimu aliimaliza kwa muda usiotimia saa moja. Ilikuwa Jumamosi, siku ya posho, saa nane mchana, jua kali. Saa hiyo vipepeo wana joto mwilini na nguvu tele, hawakai mahali. Mwalimu alikimbia huku na huku, mashine mkononi, akipiga picha kila walipotua. Watoto waliokuwa wanachota maji wakaweka ndoo chini ili watazame vizuri. Kwa kweli, yeyote angalicheka.

Usiku Padri na mwalimu waliingia katika ghala, wakaziba dirisha kwa blanketi. Waliiosha filimu katika dawa ya kwanza, kisha katika maji, kisha katika dawa ya pili inayoifanya isiharibiwe tena na mwanga. Asubuhi filimu ilikuwa imekauka, na picha zikachapishwa katika karatasi, kila moja santimeta 6 kwa 6. Palikuwa na maua, palikuwa na nyasi, palikuwa na ukuta wa kanisa. Vipepeo walikuwa wapi? Katika picha tatu hawakuwapo kabisa. Katika zilizobaki walikuwa kama punje za mchele.

Sababu yake ni ya hesabu tu. Mashine ile haikuweza kuona wazi kitu kilicho karibu kuliko meta moja na nusu. Kipepeo wa mndimu akifungua mabawa ana upana wa karibu santimeta 10. Kutoka meta moja na nusu, lenzi ile ilimwandika juu ya filimu kwa milimeta 5 tu.

Padri hakumgombeza. Alitoa katika bahasha kioo kingine, chembamba, chenye pete ya chuma.

— Hii ni miwani ya mashine, akasema. Wewe unaniona mimi nikivaa miwani nisome Misale. Mashine nayo ikivaa hii, itasoma kitu kilicho karibu. Lakini angalia: santimeta 20 kutoka kioo, basi. Si 17, wala si 24.

Na hapo kazi ikawa ngumu kweli. Nani atamkaribia kipepeo kwa santimeta 20? Ni urefu wa kiganja na vidole vilivyonyoshwa, na kidogo zaidi! Mwalimu akaacha kukimbia. Alianza kwenda bustanini mara baada ya Misa ya asubuhi, kabla ya jua kupanda. Aligundua kwamba saa hiyo vipepeo wamekaa juu ya majani, mabawa wazi, wakiota jua kama wazee mbele ya nyumba, kwa kuwa kipepeo aliyepoa hawezi kuruka vizuri. Aligundua pia kwamba kipepeo hamwogopi sana mtu, anaogopa kivuli chake na mkono wake wa haraka. Kivuli kikimpitia, ameondoka. Basi mwalimu akawa anakwenda polepole sana, ameinama, jua likiwa ubavuni, hatua moja na kupumzika, hatua moja na kupumzika. Magoti ya suruali yake yakawa na rangi ya udongo. Filimu ya pili ilichukua siku nane.

Ilipokwisha kuoshwa, Padri alizipanga picha zote 12 juu ya meza, wakazisoma moja moja.

Katika picha tano kipepeo alikuwa ukungu mtupu, na jani la nyuma yake lilionekana wazi hata kuhesabu mishipa yake. Mwalimu alikuwa amekisia umbali kwa jicho, na jicho lilimdanganya kwa santimeta mbili au tatu. Tena alikuwa amefungua tundu la mashine kwenye namba 4, ndilo tundu pana, ili mwanga mwingi uingie na kilango kiweze kufungwa upesi. Lakini kwa karibu hivyo, tundu la namba 4 huonyesha wazi unene wa kama milimeta 3 tu. Kichwa cha kipepeo kikiwa wazi, ncha za mabawa ni ukungu. Tundu dogo la namba 16 huonyesha karibu santimeta 1 nzima. Ila tundu dogo linapitisha mwanga kidogo, na kilango yapasa kikae wazi muda mrefu zaidi; ndipo mkono ukitetemeka, au kipepeo akijongea, picha nzima inaharibika. Faida ya upande huu ni hasara ya upande wa pili, na hakuna mashine iliyoponyoka sheria hiyo.

Katika picha nne maua yalikuwa mazuri, na kipepeo alikuwa na mwili lakini hakuwa na mabawa, ila wingu. Kipepeo wa mndimu anyonyapo ua hapumzishi mabawa. Anayapigapiga muda wote, miguu ikigusa ua kidogo tu, mrija wake umezama ndani.

Picha mbili zilimshangaza mwalimu zaidi. Alikuwa amemweka kipepeo katikati kabisa ya kidirisha cha kuchungulia, naye katika picha amekatwa kichwa! Padri akachukua mashine, akamwonyesha kwa kidole. Kidirisha kiko juu ya lenzi, kama santimeta 5. Ukitazama mlima, santimeta 5 si kitu. Ukitazama mdudu aliye santimeta 20 mbele yako, jicho lako na lenzi haviangalii mahali pamoja: wewe unaona kichwa, lenzi inaona tumbo.

Picha ya kumi na mbili ilikuwa na kivuli kikubwa cheusi. Wote wawili waliigeuza huku na huku. Kilikuwa kivuli cha kofia ya mwalimu.

— Sasa imebaki filimu moja, akasema Padri, akavua miwani na kuipangusa.

Watoto nao walikuwa wanauliza. Kila asubuhi walitazama ukuta. Hawakusema neno, ila walitazama tu. Mwalimu akaona haya, na haya ikamshauri vibaya. Jumamosi iliyofuata alitengeneza wavu wa kitambaa cha chandarua, akanasa kipepeo wa mndimu, akamminya kifua kwa vidole viwili mpaka akatulia. Alimfungua mabawa, akamchoma kwa mwiba wa mchungwa juu ya ua la zinia. Akakata unyasi wa santimeta 20 kupimia. Tundu aliliweka namba 16. Mashine aliiegemeza juu ya mti wenye panda, akaishusha... la, akaipandisha santimeta 5, ili lenzi ishike mahali pa kidirisha. Kila kitu kilikuwa sawa. Akapiga picha moja.

Alipogeuka, yule mtoto mdogo wa benchi la mwisho alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika jembe la bustani.

— Mwalimu, huyu amekufa.

— Picha haitaonyesha, akasema mwalimu.

— Miguu yake imekunjwa. Hashiki ua.

Mwalimu akatazama. Ni kweli, miguu sita ilikuwa imekunjwa kifuani kama ya maiti. Akatazama na vidole vyake: vilikuwa na vumbi la manjano na jeusi. Vumbi lile ni magamba ya bawa. Bawa la kipepeo limefunikwa na magamba madogo sana, yamepangwa safu juu ya safu kama vigae vya paa la kanisa, na rangi zote za kipepeo zimo katika magamba hayo. Yakifutika hayaoti tena. Kazi ya Muumba ilikuwa imebaki kidoleni mwake.

— Tena Mwalimu, mtoto akaendelea kwa sauti ndogo, wewe ulisema utatuonyesha yule mdudu akiwa kipepeo. Huyu hakutoka kwa mdudu. Ametoka katika wavu.

Mwalimu hakumjibu. Alichomoa mwiba, akamzika kipepeo chini ya ua. Usiku hakulala upesi. Mtoto alikuwa amesema sawa. Hata kama picha ile ingekuwa safi kupita zote, ingewaonyesha watoto nini? Kipepeo wanamjua. Neno walilokataa kuamini ni lile la kiwavi. Basi kazi ilipaswa kuanza penye jani, na yeye alikuwa ameianza penye ua.

Asubuhi alikwenda kutafuta viwavi katika mindimu, asione hata mmoja. Mzee mtunza bustani alikuwa ameketi kwenye toroli lake anavuta kiko.

— Baba, wale wadudu wa mindimu wamekwenda wapi?

— Nimewaponda, mwanangu. Kila Jumamosi nawaponda. Wewe unaona wadudu, mimi naona mindimu yangu midogo imebaki vijiti. Masista wakitaka ndimu, watamwuliza nani?

Naye alikuwa na haki. Kiwavi huyu hula majani ya mndimu, ya mchungwa na ya mlimau, na akiupata mche mchanga anaweza kuumaliza majani yote. Mwalimu hakubisha. Alimsaidia mzee kuchota maji jioni tatu, na jioni ya tatu mzee akamwonyesha mche mmoja karibu na uzio, uliopinda, ambao haukutazamiwa kuzaa kitu.

— Huu ni wako na watoto wako. Kiwavi akivuka kuja kwenye mingine, ni wangu.

Kipepeo jike hutaga mayai yake moja moja, juu ya majani machanga. Ni ya mviringo, madogo kama kichwa cha pini, rangi ya manjano hafifu. Baada ya siku kama sita hutoka viwavi. Darasa la nne lilihesabu viwavi watano juu ya mche ule. Kila siku watoto wawili walitumwa kuwatazama na kuandika daftarini. Kwa majuma ya kwanza viwavi walibaki na sura ya mavi ya ndege, na sura hiyo huwafaa, kwani ndege gani atataka kula mavi yake? Halafu siku moja watoto walirudi mbio wakasema viwavi wamepotea na wengine wamekuja mahali pao, wa kijani. Hawakupotea. Walikuwa wamevua ngozi, na chini ya ngozi ile nyeusi palikuwa na ngozi ya kijani yenye madoa, mfano wa jani lenyewe.

Siku hizo mwalimu alitumia filimu kama mtu maskini anavyotumia chumvi. Kiwavi hakimbii, basi ni mwalimu mzuri kwa anayeanza. Picha mbili kwa kiwavi mweusi, moja kwa kiwavi wa kijani. Na Bruda wa karakana ya useremala alimtengenezea kitu kidogo chenye akili: mraba wa waya wa santimeta 16 kila upande, umefungwa mbele ya mashine kwa fito mbili za santimeta 20. Sasa hapakuwa na kukisia wala kuchungulia. Kitu kikiwa ndani ya mraba, kimo katika picha; kikiwa sawa na waya, kiko wazi. Kwa kipepeo anayeruka mraba ule usingefaa kitu, kwani nani angekubali kuzungushiwa waya? Kwa asiyeweza kuruka, ulifaa sana.

Je, yuko kipepeo mzima, mwenye uhai, asiyeweza kuruka? Yuko. Ni yule aliyezaliwa saa hiyo.

Kati ya viwavi watano, wawili walitoweka usiku mmoja, labda kwa siafu. Watatu walinenepa, mmoja akapimwa na mtoto kwa rula: milimeta 45. Kisha waliacha kula, wakatambaa kutafuta vijiti. Mwalimu akavikata vijiti vile, akavisimamisha darasani katika kopo la mchanga, karibu na dirisha. Kila kiwavi alijifunga mkia kwenye kijiti kwa uzi wa hariri, akajizungushia uzi mwingine mgongoni, akaegama nyuma, kama mpanda michikichi anavyoegama katika mkanda wake. Siku iliyofuata alivua ngozi kwa mara nyingine, na hapakuwa tena na miguu wala mdomo, ila kifuko kigumu kilichoning'inia katika mkanda ule. Mwalimu akapiga picha moja. Zikabaki saba.

Wiki mbili nzima hapakutokea kitu. Watoto wakaanza kusema vifuko vimekufa.

Kifuko cha kwanza kilitobolewa tundu dogo, na tunduni wakatoka nyigu wadogo sana, zaidi ya hamsini, wadogo kuliko chawa. Mama yao alikuwa ametaga mayai yake humo, nao walikuwa wamemla kiwavi kutoka ndani. Watoto walichukizwa, ila mzee wa bustani alipoambiwa alifurahi, akauliza kama nyigu wale wanaweza kununuliwa.

Kifuko cha pili kilipasuka siku ya Dominika, wakati watu wote wako kanisani. Mwalimu alikuta ganda tupu, jeupe, jepesi kama karatasi, na dirisha wazi.

Kikabaki kimoja. Siku ya Jumanne jioni mtoto wa zamu alisema:

— Mwalimu, kimekuwa cheusi.

Mwalimu akakiinua penye mwanga. Ganda lilikuwa limekuwa jembamba, na ndani yake yalionekana madoa ya manjano, madogo, yamebanwa. Yalikuwa mabawa. Alfajiri ya Jumatano alikuwa darasani kabla ya kengele ya Malaika wa Bwana. Alikihamisha kijiti barazani, mahali jua la asubuhi litakapofika. Aliweka mti wenye panda, akaweka mashine juu yake, mraba wa waya ukakizunguka kijiti. Tundu namba 16, kilango sehemu ya 50 ya sekunde. Akaketi.

Saa mbili na robo, watoto wakiwa wamekwisha kuingia, ganda likapasuka nyuma ya kichwa. Mwalimu akawaita kwa mkono, bila sauti, nao wakaja wakasimama nusu duara. Kwanza ilitoka miguu, ikashika ganda. Halafu kichwa, halafu mwili mnono uliolowa. Mabawa yalikuwa madogo na yamekunjamana kama jani la muhogo lililopikwa. Mtoto mmoja akanong'ona kwamba huyu ni kilema. Kipepeo akapanda juu kijitini, akaning'inia, na tone la maji mekundu likaanguka chini yake.

— Damu!

— Si damu, akasema mwalimu polepole. Ni uchafu wa tumbo uliobaki tangu alipokuwa katika kifuko. Tazameni mabawa.

Mabawa yalikuwa yanakua mbele ya macho yao. Mwili unasukuma maji yake katika mishipa ya mabawa, nayo yananyoka kidogo kidogo, mikunjo ikifunguka, madoa ya manjano yakipanuka. Kwa kama dakika 20 yakawa yamenyoka yote, lakini yangali laini kama kitambaa. Yapasa yakauke saa moja na zaidi ndipo yaweze kubeba mwili. Hiyo ndiyo saa aliyoitafuta mwalimu tangu filimu ya kwanza.

Alipiga picha moja, akajua mara hiyo hiyo kwamba mkono umetetemeka. Ya pili, upepo ukatikisa kijiti. Akafunga kijiti kwa uzi. Upande wa kivuli ulikuwa mweusi mno. Akampa yule mtoto wa benchi la mwisho karatasi nyeupe, amwonyeshe jua kama kioo, na mwanga wa karatasi ukaangukia tumbo na miguu ya kipepeo. Ya tatu. Ya nne. Kipepeo alikuwa amefunga mabawa mgongoni, na mwalimu akangoja, kwa sababu alitaka madoa yale mawili mazuri ya rangi na buluu yaliyo nyuma. Mabawa yalipofunguka, aligeuza mashine mpaka ikaelekeana nayo sawasawa, kama kitabu na uso wa msomaji, ili bawa la kulia na la kushoto yote yawe umbali mmoja. Alizuia pumzi. Ya tano. Ya sita. Watoto walikuwa wanahesabu kwa midomo bila sauti.

Ya saba alipokwisha kuipiga, kipepeo akatetemesha mabawa mara nyingi, kama mtu anayejaribu nguo mpya. Kisha akaachia kijiti, akapita juu ya vichwa vyao, juu ya paa, akaelekea ziwani. Hakuna aliyekumbuka kwamba saa ya hesabu imepita.

Usiku mwalimu aliiosha filimu peke yake, Padri alimwachia. Picha tatu za kipepeo zilikuwa na ukungu. Tatu zilifaa. Na moja, ile ya sita, ilionyesha hata vinywele vya kichwa, na macho makubwa meusi yenye kung'aa, na mrija uliojizungusha kama kamba iliyokunjwa. Lakini picha safi kupita zote katika filimu ile, kwa haki yake, ilikuwa ya kwanza: yule aliyechomwa mwiba.

Mwalimu alibandika ukutani picha nne kwa mstari: kiwavi mweusi, kiwavi wa kijani, kifuko, kipepeo. Ya mwiba hakuificha. Aliiweka mezani kando ya ile ya sita, akawauliza watoto ni yupi mzima. Wote walionyesha mmoja.

— Mmejuaje?

Wakatazamana. Yule mtoto mdogo akasogea, akaweka kidole juu ya miguu, kwanza katika picha hii, kisha katika ile.

— Huyu ameshika kijiti, akasema. Yule ameshikwa.

Jioni mzee wa bustani alikuja kuona picha, kwa kuwa habari zilikuwa zimemfikia. Alivua kofia mlangoni, akasogea ukutani, akatazama kwa muda mrefu kutoka ya kwanza mpaka ya nne, akarudi tena ya kwanza.

— Basi ni huyu mzuri anayenimalizia mindimu, akasema.

Jumamosi alipita na toroli lake, akaponda viwavi wa mindimu yote, isipokuwa mche ule uliopinda karibu na uzio.

Maulizo. — Kwa nini watoto walicheka jani lilipowekwa mezani? Kipepeo katika filimu ya kwanza alikuwa na milimeta ngapi, na kwa sababu gani? Tundu namba 16 lina faida gani na hasara gani? Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi kiwavi anavyojifunga kijitini. Tafuta mndimu au mchungwa karibu na nyumbani kwenu, tazama majani yake juu na chini, andika ulichoona kwa macho yako.